Paa la Paskazia Halina Kofia

Jumatatu, Bilele. Mvua.

Imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri haijapumzika hata kwa muda wa mtu kukimbia dukani. Mafua yamenishika. Kila nikipiga chafya namkumbuka dada yangu Paskazia, na sidhani kama naye ananikumbuka kwa wema.

Nimejifunika blanketi mabegani. Mbele utaona, ewe shajara, kwa nini hata neno hilo linanichoma.

Wanaosoma blogu ninamoinakili shajara hii wanaujua ugonjwa wangu. Nilifundisha biashara na utunzaji wa hesabu sekondari kwa miaka thelathini, nikastaafu, na mpaka leo siwezi kusimulia jambo bila kulieleza. Nikiona mtu anakata ndizi, nitamweleza faida ya kukata ndizi. Basi leo nitaeleza polepole, kama niko ubaoni, maana safari hii aliyefeli somo ni mwalimu.

Tuanze na jambo dogo. Benki inauza fedha. Muuza bati anauza bati. Ukienda benki kuomba mkopo wa kuezeka nyumba, utaulizwa hati ya ardhi. Kibanja cha Mhaya wa kijijini mara nyingi hakina hati. Kina migomba, kahawa, na makaburi ya baba na babu. Hakuna benki inayopokea makaburi kuwa dhamana, na hakuna Mhaya mwenye akili timamu atakayeyaweka. Kwa hiyo mkulima wetu hakopi benki. Anakopa palepale anaponunua: kwa muuza mbolea, kwa muuza cherehani, kwa muuza simu. Mwenye duka anakupa kitu leo, na gharama ya kukungoja ameshaiweka ndani ya bei. Hukuingia kwenye ofisi yenye viyoyozi, hukujaza fomu, hata neno mkopo halikutajwa. Umenunua bati tu, utalimalizia kahawa ikiiva.

Mwezi uliopita niliusifu sana mtindo huu kwenye blogu. Niliandika kwamba duka lisilo la fedha linaweza kukopesha vizuri kuliko benki kwa sababu linamjua mteja. Nikatoa mfano wa “mfanyabiashara mmoja wa Muleba” aliyebuni njia ya kulipwa bila polisi, bila mahakama na bila dalali.

Sikusema kwamba aliyembunia ni mimi. Nilikuwa najisifu huku nimevaa jina la mtu mwingine.

Mfanyabiashara mwenyewe ni Deusi. Nilimfundisha. Alikuwa kijana wa alama za kawaida lakini mwenye masikio makubwa, na siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi pale Muleba, kando ya barabara iendayo Biharamulo. Miaka miwili iliyopita nilipita kumsalimu, akanikalisha juu ya mifuko ya saruji, akaagiza chai, akanitolea shida yake. Watu walitaka bati. Fedha walikuwa nazo mara moja kwa mwaka, msimu wa kahawa. Akiwakopesha, nusu hawarudi.

“Mwalimu,” akasema, “hawa wa taa za jua wanakopesha nchi nzima bila wasiwasi. Mtu asipolipa, wanamzimia taa wakiwa wamekaa ofisini kwao. Wa simu nao wanazifunga. Mimi bati nitalizimaje? Likishapigiliwa misumari, limekwenda.”

“Si unapanda kulibandua?”

“Nipande juu ya nyumba ya mjane na nyundo? Mwalimu, unataka nizikwe lini?”

Nilicheka. Lakini nilikuwa na sababu ya kulichukulia jambo lile kwa uzito. Zamani mkulima wa huku akibanwa na shida aliuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yote yakawa ya mnunuzi. Tuliita butura. Baba yetu aliingia butura nikiwa darasa la tano. Mimi na Paskazia tulichuma kahawa kwenye miti yetu wenyewe tukaipakia kwenye baiskeli ya mtu mwingine, na yule mtu akatupa peremende moja tugawane. Paskazia aliivunja kwa meno akanipa kipande kikubwa. Kwa hiyo ukinisikia nasema nilitaka kuwapatia watu mkopo wa heshima, amini. Nilitaka.

Pembeni mwa duka la Deusi palikuwa na rundo la kofia. Asiyejua ujenzi aelewe: nyumba ya bati ina pande mbili za paa zinazoegemeana juu kabisa, na zinapokutana hubaki ufa wa upana wa kiganja, kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Ufa huo huzibwa kwa bati jembamba lililokunjwa katikati. Hilo ndilo kofia. Ni kitu cha mwisho kupigiliwa, na bei yake si kitu ukiilinganisha na bati zenyewe.

“Wape bati zote,” nikamwambia. “Kofia baki nazo. Mtu akimaliza kulipa, fundi wako anakwenda kumvisha.”

Deusi alinitazama, akaweka kikombe chini. Halafu akapiga paja.

“Mwalimu, wewe ni mtu mbaya!”

Alilisema kama sifa, nami nikalipokea kama sifa.

Alikuwa na maswali, na yote nilikuwa na majibu yake. Wakifunika kwa turubai? Upepo wa ziwani utaling’oa, na hata lisipong’oka, turubai la bluu juu ya paa linaonekana kwa mbali kuliko ufa. Wakinunua kofia duka lingine? Mwenye fedha ya kununua kwingine angekuwa ameshakulipa. Ndugu wakiwaombea? Hapo nilinyanyua kidole kama enzi zangu darasani. “Usimsamehe mtu hata mmoja. Siku utakapomvisha mmoja kofia kwa huruma, umewavua wote adabu.”

Akaiandika sentensi hiyo kwenye daftari lake. Niliona akiiandika.

Mpango ulifanya kazi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu uongo hausaidii. Nyumba nyingi zilizokuwa za nyasi, au za bati chakavu lenye matobo, ziliezekwa upya. Watu walilipa. Walilipa kabla ya karo, kabla ya dawa, wengine kabla ya kula. Ukipita barabarani ulikuwa unajua moja kwa moja nani amemaliza na nani bado, hukuhitaji kuuliza. Waendesha bodaboda walikuwa wakielekezana abiria kwa njia hiyo: “Mshushe pale kwa kichwa wazi cha pili.” Kanisani mama mmoja aliulizwa mbele ya wenzake kama siku hizi wanachota maji sebuleni. Alicheka pamoja nao. Wiki ile ile aliuza mbuzi.

Niliposimuliwa habari ya mbuzi nilifurahi. Niliona nadharia imethibitika.

Sasa naeleza kwa nini ilithibitika. Benki inajua kipato chako, lakini haijui aibu yako inakaa wapi. Mwenye duka wa kijijini kwenu anajua. Anajua una binti wa kuposwa, anajua mama mkwe wako hupita barabara ipi kwenda misa. Ujuzi uleule unaomwezesha kukukopesha bila hati ndio unaomwezesha kukuumiza bila kukugusa. Mwezi uliopita niliandika nusu ya kwanza ya jambo hili. Ya pili niliijua pia. Niliiacha kwa sababu ingeharibu makala.

Nije kwa Paskazia.

Ndiye anayenifuata kwa kuzaliwa. Mjane, ana binti mmoja, Editha, anaishi kwenye kibanja cha marehemu mumewe, Muleba, hatua chache kutoka barabarani. Alichukua bati kwa Deusi kwa sababu mimi nilimwambia achukue. Msimu wa kwanza wa kahawa alilipa vizuri kuliko jirani zake wote. Ikabaki sehemu ndogo ya kumalizia msimu wa mwaka huu.

Hapa ndipo palipo kosa langu, na ni kosa ambalo mtu wa Kagera hakupaswa kulifanya. Kahawa yetu tunaikausha na maganda yake, tunaiweka ndani kwa magunia tukingoja mnunuzi. Ndani wapi? Kwenye chumba cha katikati, ambacho tangu zamani ndicho kikavu kuliko vyote. Na katikati ya nyumba, juu yake, kuna nini? Kuna ufa wangu. Kahawa iliyokuwa ilipie kofia ilikuwa imelala chini ya paa lisilo na kofia. Mvua moja ya usiku iliingia, magunia yakanyonya chini taratibu, naye hakugundua hadi aliposikia harufu. Mnunuzi alichota kiganja, akanusa, akairudisha guniani. Iliyokuwa na ukungu ikaenda kwa bei ya kutupa.

Bei ya kutupa. Nimeyaandika maneno haya mara mbili leo, na mara ya kwanza nilikuwa nazungumzia butura.

Wiki tatu zilizopita alikuja hapa Bilele, Bukoba mjini. Alileta ndizi na kifurushi cha senene waliokaangwa vizuri, bila mafuta mengi, kama ninavyowapenda. Akaniambia Editha amepata mchumba wa Hamugembe, hukuhuku mjini, kijana wa watu wanaojiheshimu, na kwamba wakwe wanakuja na mahari.

“Kaka, sijakuja kuomba fedha,” akasema. “Mwombe Deusi anivishe paa kabla ya siku hiyo. Nitamalizia msimu ujao. Wakwe wasiingie nyumba yenye ufa wakasema binti ametoka kwenye tundu.”

Nilikuwa na uwezo wa kumlipia. Pensheni yangu ingetosha na kubaki.

Sikumlipia. Nilimweleza. Nilimweleza kwamba mkopo wa namna hii unasimama kwa mguu mmoja tu, kanuni, na kwamba kama dada wa aliyeibuni atasamehewa, au atalipiwa na kaka yake kimyakimya, kesho wakopaji wote watatafuta kaka. Nilimpa na mfano wa ukuta unaotolewa tofali moja. Nilizungumza hadi chai ikapoa. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni baba anapogomba, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anaelewa.

“Umemaliza, kaka?”

“Nimemaliza.”

“Umeeleza vizuri.” Akakunja mfuko wake uliokuja na ndizi. “Siku hiyo usikose. Wewe ndiye msemaji wetu.”

Jumamosi nikaenda. Nilivaa koti langu la kijivu.

Katika ukoo wetu msemaji wa upande wa binti akishakalishwa hasogei. Anakaa pale alipowekwa hadi mahari ikubaliwe na kahawa ya kutafuna, akamwani, izungushwe kwa wageni. Akisogea hata kidogo, wakwe husema, “Amesogea,” na maana yake ni kwamba upande wake umelegea, wataanza kupunguza. Nimewaona wazee wakibanwa na haja ndogo na wasinyanyuke. Hilo Paskazia analijua tangu utoto.

Kiti changu alikiweka katikati ya sebule. Kilikuwa kiti cha heshima, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wengine wote waliketi kando ya kuta. Nilijisikia vizuri. Sikutazama juu.

Wakwe waliingia na msemaji wao, Ta Kagaruki, mzee wa Hamugembe mwenye sauti ya mnada na tumbo linalotangulia salamu. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, likateremshwa, tukasalimiana kwa zamu, tukaanza kutupiana maneno kama desturi inavyotaka. Nikawa nafanya vizuri. Kisha mvua ikapiga juu ya bati, na tone la kwanza likanipata kwenye utosi.

La pili likaingia kwenye kola.

Baada ya hapo sikuhesabu. Maji yalikuwa yakishuka kwa mstari, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na mimi nilikuwa juu ya mstari huo. Wageni waliokuwa ukutani walibaki wakavu. Nikamtafuta Paskazia kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na pazia la chumba cha Editha, mikono ameikunja tumboni, ananitazama bila chuki na bila huruma, kama unavyotazama chungu kuona kama kinavuja.

“Mwalimu,” akasema Ta Kagaruki, “kwenu wageni huogeshwa kabla ya kula au baada?”

Nyumba nzima ikacheka.

“Sisi huku tunaogesha wenyeji kwanza, waitu, ili wageni waone maji ni safi,” nikajibu kwa lile “waitu” letu la heshima, na wakacheka tena, na kwa dakika moja nikadhani nimeokoka.

“Msimcheke, Ta Kagaruki,” akasema Paskazia. “Huyo anakagua kazi yake.”

Akawaeleza. Alieleza vizuri mno. Kwa utaratibu, kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, na hata ule mfano wangu wa tofali akautumia. Alisema kwamba kaka yake ni msomi aliyegundua kuwa mtu humlipa anayemdai kwa haraka zaidi ukimpa kitu chote ukamzuilia kile kipande kinachoonekana. Alisema ufa waliouona ni wa kaka yake, yeye ameazimwa tu. Wakati akisema hayo mimi nilikuwa nimeweka mikono juu ya magoti, maji yananitoka kwenye nyusi, na sikusogea.

Wageni walicheka hadi wengine wakashika kuta. Ta Kagaruki peke yake aliacha kucheka mapema. Alikuwa anafikiri. Nilimwona akifikiri, na nilijua anachokifikiri kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nami nilikaa hivyohivyo juu ya mifuko ya saruji.

Mahari yote tulikuwa tumekubaliana. Vitu vilikuwa sakafuni katikati yetu, na juu kabisa palikuwa na blanketi la mama, jipya, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Blanketi hilo ni dogo kwa thamani, lakini lina maana yake: ni la kumkausha mama kwa miaka ile mtoto alipomkojolea mgongoni. Ni asante ya kulowa.

Ta Kagaruki akanyoosha mkono, akalichukua, akaliweka upande wake.

“Waitu, tumekuja watu wa kujifunza,” akasema. “Mahari yote hiyo, pokeeni. Blanketi tutabaki nalo. Siku Editha atakapotuzalia, tunalileta wenyewe, kwa ngoma. Si kwamba hatumwamini binti yenu. Mwalimu hapa atawaelezeni kwa nini ni vizuri zaidi hivyo.”

Nyuma ya pazia wasichana walikuwa wakinong’ona na kuchekacheka tangu asubuhi. Kicheko kikakatika.

“Binti si bati,” nikasema.

“Tofauti ni ipi, Mwalimu?”

Aliuliza kwa dhati. Alitaka kusikia. Watu wote walitaka kusikia, maana nina sifa ya kuwa na jibu. Nikafungua mdomo niseme “Kwanza,” na tone likaniingia hadi kooni, nikakohoa, na wakaanguka kwa kicheko, na kilipoisha sikuwa na la kwanza wala la pili.

Ningeweza kusimama. Msemaji akisimama kabla ya kahawa, mazungumzo yamevunjika, mahari inarudi ilikotoka. Ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo na ilikuwa mikononi mwangu, au niseme miguuni. Nikafikiri habari ya kunyanyuka pale, suruali imenigandia, mbele ya watu wale wanaocheka. Nikafikiri watasema mwalimu amekimbia mvua yake.

Nikabaki nimekaa.

“Pokea, kaka,” akasema Paskazia. “Mimi nimezoea kulowa.”

Kahawa ikazungushwa. Nilitafuna. Akamwani huwa ni chungu kidogo na tamu kidogo. Ya Jumamosi haikuwa na ladha yoyote.

Jana, Jumapili, nilifika Muleba wakati watu wanatoka misa ya pili. Deusi alikuwa dukani.

“Shikamoo Mwalimu. Nimesikia jana umenyeshewa.”

“Marahaba. Nimekuja kumlipia Paskazia.”

“Mwalimu.” Akafungua daftari lake la zamani, akanisomea sentensi yangu, ile ya huruma na adabu, kwa sauti ileile niliyoisemea. Halafu akalifunga. “Lakini wewe ni mwalimu wangu. Leta.”

Hakunipunguzia chochote. Ningekuwa yeye, nisingepunguza.

Tukaenda kwa Paskazia, mimi na fundi na kofia zake, juu ya pikipiki ya mizigo. Fundi akaegemeza ngazi, akapanda, akaweka kofia ya kwanza begani. Paskazia akatoka jikoni anapangusa mikono.

“Shuka, mwanangu,” akamwambia fundi. Kisha akanigeukia. “Umelipa?”

“Nimelipa yote. Hudaiwi kitu.”

“Asante, kaka. Ziegemezeni pale ukutani.”

“Paska, vipi tena?”

“Zitapanda siku blanketi langu litakapoingia mlango huu. Juzi ufa huu ulikuwa unasema nadaiwa. Kuanzia leo unasema nadai.”

Nikamwambia mvua itamuumiza. Akasema mvua ilikuwepo hata wiki tatu zilizopita, nilipokuwa nakula senene wake. Nikaanza kumweleza habari ya kifua na unyevu, na umri wetu. Bodaboda ikapita barabarani, dereva akapaza sauti, “Ma Paska! Bado tu kichwa wazi?”

“Bado!” akajibu, na sijapata kumsikia akipaza sauti namna ile. “Kawaulize watu wa Hamugembe, wamekaa na blanketi langu!”

Dereva akacheka, akapiga honi. Habari hiyo, kwa ninavyowajua, ilifika Bukoba mjini kabla yangu.

Na kweli leo asubuhi Ta Kagaruki amenipigia simu. Sauti ya mnada imepungua. Anasema sokoni watu wameanza kumuuliza bei ya mablanketi, hata baba wa kijana hataki tena kupita Muleba mchana. “Mwalimu, mweleze dada yako afunike nyumba yake.” Nikamwambia nimeacha kumweleza. Nikamwambia alete blanketi. Akasema hawezi kulileta sasa, ataonekana amesogea.

Namwelewa. Ndiyo ubaya wenyewe, namwelewa vizuri.

Ningependa kuishia hapo, dada yangu ameshinda na mzee wa Hamugembe anaulizwa bei ya mablanketi. Lakini hii ni shajara, na safari hii siachi nusu ya pili.

Jana nilipoondoka, Editha alinisindikiza hadi barabarani na mwavuli. Alinifunika mimi, yeye bega moja likawa nje. Hakuwa na hasira. Ana miaka ishirini na miwili, amesomea uuguzi, anampenda yule kijana na arusi ipo. Tukiwa njiani akaniuliza kwa adabu, kama mwanafunzi anayebaki darasani wengine wakishatoka.

“Mjomba, wewe unayaelewa mambo haya. Nisipozaa, nani anadaiwa?”

Gari likaja. Nilifurahi kuliona.

Miaka yote ya ualimu, swali la mwanafunzi likinishinda nilikuwa naliandika kwenye kona ya ubao, juu kulia, nasema tutalirudia kesho. Kengele ya kesho yake ilikuwa ikinikuta nimeshalitafutia jibu. Hili nimeliandika juu ya ukurasa tangu nilipokaa hapa saa tisa, na karatasi pale imelowa kidogo, sijui ni kwa kikombe cha chai au ni kwa nini. Makala ya mwezi uliopita sijaifuta. Asiyeisoma aisome, kisha asome hii.

Kesho kutakucha, na kwa jinsi ninavyoisikia juu ya bati langu lenye kofia, mvua nayo itakuwepo.

Nisipozaa, mjomba, nani anadaiwa?